Vidonge vya damu vitolewe pamoja na maelezo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie upungufu wa damu kwa wajawazito, tatizo ambalo utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16 ulilikuta kwa zaidi ya nusu ya wajawazito waliopimwa nchini Tanzania. Mara nyingi lawama hutupiwa akina mama kwamba hawajui. Mimi niliyefanya kazi ya ukunga siafiki, kwa sababu mjamzito ukimuuliza atakutajia kizunguzungu, moyo kwenda mbio, viganja kupauka na uchovu usioisha, na anafahamu fika kwamba mwenye damu kidogo yumo hatarini akivuja damu nyingi wakati wa kujifungua. Asichoelezwa ni mambo madogo madogo yanayoamua kama damu itapanda au la.

Chukua vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki. Mama huambiwa ameze kimoja kila siku, basi. Baada ya siku chache choo huwa cheusi, tumbo huvurugika, na nyumbani anaonywa kwamba mtoto atakuwa mkubwa ashindwe kupita. Vidonge vinaishia kabatini. Laiti angeambiwa mapema kwamba weusi huo hauna madhara, na kwamba kichefuchefu hupungua akivimeza usiku anapokwenda kulala, huenda asingeviacha.

Kwenye chakula nako elimu imeishia kwenye rangi. Rozela na kiazi chekundu (bitiruti) vinasifiwa kwa sababu ni vyekundu kama damu, ilhali wekundu huo si madini ya chuma. Hata hivyo simkatazi mtu rozela, maana ina vitamini C inayousaidia mwili kunyonya madini yaliyomo kwenye maharage, mchicha na matembele. Kipande cha chungwa au limao hufanya kazi hiyohiyo. Kinachoharibu ni chai. Katika nyumba nyingi chai ya rangi hunywewa palepale pamoja na chakula, nayo huzuia sehemu kubwa ya madini hayo yasiingie mwilini, hivyo ni heri isubiri saa moja au mbili. Udongo unaouzwa sokoni nao huyazuia, na hamu kali ya kuula yenyewe yaweza kuwa dalili ya upungufu, kwa hiyo muuguzi anayemcheka mama mla udongo anapoteza nafasi ya kumpima.

Yapo pia magonjwa yanayopunguza damu, yaani malaria, safura inayoletwa na minyoo, na selimundu, ugonjwa wa kurithi wa seli za damu, ambayo chakula pekee hakiyatibu: chandarua, vidonge vya kuzuia malaria na dawa ya minyoo baada ya miezi mitatu ya kwanza vina sehemu yao.

Ombi langu kwa vituo vya afya ni kwamba kila mjamzito atajiwe kiwango chake cha damu kwa mdomo, si kuandikiwa tu kwenye kadi, na aelezwe kwamba chini ya gramu 11 za himoglobini, yaani kile kinachobeba hewa ndani ya damu, kwa desilita ya damu ni upungufu na chini ya 7 ni hali mbaya. Kipimo kirudiwe mimba inapokua, na pale ambapo kituo hakina kifaa, mama aelekezwe kituo cha jirani kinachopima kabla hajaingia miezi mitatu ya mwisho.

Mkunga mstaafu,
Tanga.