Bilauri za nakshi: barua kwa Salma

Mpendwa Salma,

Salamu nyingi kwako na kwa watoto. Umeniuliza kama zile bilauri ulizooneshwa na muuza vitu vya kale huko Bristol zimechongwa kweli, au zimekandamizwa tu kwenye kalibu. Kabla hujatoa fedha, pitisha kidole juu ya nakshi: kioo kilichochongwa kina kingo kali zenye kukwaruza kidogo, ilhali cha kalibu kingo zake zimelainika, na mara nyingi ubavuni pana mstari mwembamba wa maungio.

Ukali huo hutokana na namna kazi ilivyofanywa. Bilauri ikishapulizwa na kupoozwa taratibu, fundi aliichora mistari ya kumwongoza, kisha akaigandamiza juu ya gurudumu la chuma lililokuwa likizunguka huku mchanga na maji vikilidondokea, kwani kinachokata hasa ni mchanga, si chuma. Upande unaokatwa ulikuwa chini, hivyo ilimbidi aufuatilie mfereo, yaani mfuo anaouchonga, kwa kuutazama kupitia kioo chenyewe. Nami hapo ndipo ninapomvulia kofia. Mifereo ililainishwa kwa gurudumu la jiwe, ikang'arishwa kwa gurudumu la mbao lililopakwa unga laini.

Kioo kilichofaa kazi hiyo ni kile chenye oksidi ya metali ya risasi, ambacho George Ravenscroft wa London alikianzisha katika miaka ya 1670: ni kizito, chepesi kuchongeka, na hupinda mwanga kwa wingi. Tatizo lilikuwa kodi. Kuanzia miaka ya 1740 Waingereza walitozwa kwa uzito, na uzito ndio unaoruhusu mifereo ya kina. Ayalandi haikutozwa kodi hiyo hadi 1825, na ndiyo maana kiwanda cha Waterford, kilichofunguliwa mwaka 1783, kilistawi kwa vyombo vinene. Kilifungwa mwaka 1851.

Muuzaji akikutajia Waterford ili apandishe bei, usibabaike, kwa sababu vyombo vya kiwanda hicho cha zamani vilivyotiwa alama ni vichache mno, na jina hilo hubandikwa ovyo. Lipia kazi unayoiona. Ukizinunua, usilaze humo sharubati ya ndimu, maana uchachu huitoa risasi kwenye kioo. Kunywea na kuosha papo hapo hakuna neno.

Niandikie utakapoamua.

Wako,
Zuhura