Nyuti na samaki wasiwekwe pamoja kwa pupa

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie desturi ya kuwachanganya nyuti, yaani salamanda wadogo wa majini (wanyama wa jamii ya vyura wenye umbo la mjusi), na samaki wa mapambo katika tangi moja nyumbani. Nyuti wengi wanaofugwa hustawi katika maji ya nyuzi 15 hadi 20 za Selsiasi, ilhali samaki wengi wa kitropiki huhitaji nyuzi 24 au zaidi, hivyo anayewaweka pamoja humtesa mmoja wao, na mara nyingi anayeumia ni nyuti, ambaye huacha kula na kudhoofika. Isitoshe, ngozi ya nyuti kadhaa, wakiwamo wale wa Japani wenye tumbo jekundu, ina tetrodotoksini, sumu ileile ya samaki aitwaye bunju, inayoweza kumwua samaki atakayewadonoa.

Anayeshikilia nia yake achague samaki wapole wanaopenda maji baridi, kama vile mino wa White Cloud, japo walio wadogo mno wataliwa. Tangi liandaliwe wiki kadhaa mapema ili bakteria wanaobadili amonia, sumu itokanayo na uchafu wa wanyama hao, wajijenge; maji ya bomba yaondolewe klorini, kichujio kisisukume maji kwa nguvu, na kifuniko kibane kabisa, kwani nyuti hupanda kioo kwa urahisi wa kushangaza.

Nawasihi wauzaji wamweleze mnunuzi haya yote kabla ya kupokea fedha zake. Naye aliyeshindwa kuwafuga asiwaachilie mtoni, kwa kuwa wanaweza kueneza kuvu inayoua salamanda wa porini.

Msomaji wako