Wapima ardhi Dodoma, tuachieni njia za mashamba ya zabibu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Mimi ni mzaliwa wa Mpunguzi, Dodoma, na huu ni mwaka wa saba nafanya kazi ya uuguzi katika nyumba ya kutunzia wazee hapa Landau, kusini-magharibi mwa Ujerumani. Nimesoma maoni ya msomaji mmoja aliyesema Dodoma sasa ni jiji, baiskeli haina nafasi tena, na anayeendelea kunyonga baiskeli barabara ya Iringa akigongwa ajilaumu mwenyewe. Maneno hayo ya mwisho yameninyima usingizi.

Kaka yangu alinyonga baiskeli barabara hiyo kwa miaka 11. Phoenix nyeusi, keria imeongezwa mbao, kreti mbili za zabibu nyuma na beseni juu yake. Asubuhi moja ya Machi, msimu wa mavuno, basi lilimpita karibu mno. Halikumgusa, lakini upepo wake ulimtupa nje ya lami, akavunjika mtulinga. Mama alipofika alimkuta amekaa chini ameshika bega, zabibu zimetapakaa barabarani, magari yanazikanyaga na juisi inatiririka hadi mtaroni. Kaka alikuwa anaulizia kreti, kwa sababu moja ilikuwa ya kuazima. Nauliza: ajilaumu kwa lipi? Upande mmoja lami, upande wa pili uzio wa miiba wa shamba la mtu. Hakuwa na pa kupita.

Huku niliko nako ni nchi ya zabibu. Kuanzia Schweigen, mpakani na Ufaransa, hadi Bockenheim kuna Deutsche Weinstraße, yaani Barabara ya Mvinyo, kilomita 85, iliyofunguliwa mwaka 1935. Magharibi kuna milima yenye msitu, mashariki tambarare ya mto Rhine, na katikati, kwenye vilima, ni mizabibu kijiji hadi kijiji. Mkoa huu wa mvinyo una zaidi ya hekta 20,000 za mizabibu.

Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa napita kwenye barabara hiyo kubwa, mikono imekakamaa kwenye usukani. Sheria ipo: tangu 2020 gari linalompita mwendesha baiskeli lazima limwachie nafasi ya mita 1.5 mjini na mita 2 nje ya mji, na madereva wengi wanaifuata. Lakini kila niliposikia injini nyuma yangu nilimwona kaka amekaa pale chini.

Aliyenitoa huko ni mzee mmoja niliyekuwa nikimhudumia. Alilima zabibu maisha yake yote, hadi miguu ikakataa. Siku moja aliniona naingia na kofia ya baiskeli mkononi, akaniuliza nimepita wapi. Nilipomtajia barabara kuu alitikisa kichwa, akachukua kitambaa cha karatasi cha mezani, akaomba kalamu. Mkono ulikuwa unamtetemeka, lakini hakusita kwenye kona hata moja. Hapa kwenye msalaba wa jiwe kata kushoto. Hapa kuna mlozi, ukiupita usishuke, endelea na ukingo wa kilima. Hapa njia inakuwa ya nyasi, usiogope, itarudi kuwa zege. Akaniambia, "Pita njia za trekta, mwanangu. Zote zinafika."

Jumapili iliyofuata niliamka alfajiri nikazifuata. Ukitoka Landau na kuipita Wollmesheim, unakutana na kibao cha duara, cheupe chenye ukingo mwekundu, maana yake magari hayaruhusiwi. Chini yake kuna kibao kidogo kinachosema shughuli za kilimo ruksa, na baiskeli ruksa. Hakuna geti wala askari. Njia yenyewe ni zege lenye upana wa trekta moja, kwingine ni mikanda miwili tu ya zege na nyasi katikati. Mizabibu imesimama kwenye nyaya kushoto na kulia, na asubuhi umande unadondoka kwenye majani hadi unausikia. Sauti nyingine ni mnyororo wako mwenyewe na pumzi yako.

Pumzi, maana vilima vipo. Karibu na Ilbesheim kuna kilima kinaitwa Kleine Kalmit, mita 270 kutoka usawa wa bahari, na juu yake kuna kanisa dogo. Ukikiangalia kwa mbali unakidharau. Ukianza kupanda, gia zinakwisha kabla ya mwinuko, mapaja yanawaka moto, na mwisho nilishuka nikakokota. Kule juu unaona tambarare yote ya Rhine na milima yote ya msitu, na vijiji vimejikunyata kila kimoja na mnara wake. Kisha mteremko hadi Leinsweiler, breki zikilia, halafu Eschbach, kijiji ambacho watu wake wamepamba mitaa kwa sanamu za punda zilizopakwa rangi. Nilisimama pale muda mrefu. Mtoto wa Mpunguzi hawezi kumpita punda kirahisi. Ndiye aliyetuchotea maji utoto wetu wote.

Nimezunguka kilomita kama 30 siku ile, na barabara ya magari niliikata tu, sikuifuata. Watu niliokutana nao njiani walinisalimu wote. Kwetu nako, kwenye kijia cha shambani, huwezi kumpita mtu bila kumpa mbukwa, salamu yetu Wagogo. Kwenye lami tunapitana kama mawe.

Jambo ninalotaka wasomaji walielewe ni kwamba njia hizi hazikutengenezwa kwa ajili ya waendesha baiskeli. Zamani mashamba ya huku yalikuwa vipande vidogo vidogo vilivyogawanywa na urithi, kimoja huku kimoja kule. Baada ya vita kuu ya pili serikali na wakulima walipanga upya mashamba kwa sheria, vipande vikaunganishwa, na kila shamba likapewa njia ya kufikika kwa trekta. Baiskeli imekuja kukaribishwa tu kwenye njia ambayo mkulima alikuwa anaihitaji kwa vyovyote. Kwa hiyo trekta lina haki ya kwanza. Likija, unasogea kwenye nyasi unasubiri. Septemba na Oktoba, wakati wa mavuno, zege linajaa udongo wa matairi na mabaki ya zabibu, na mvua ikinyesha linateleza kama sabuni. Ndiyo bei yake, na ni halali.

Msimu huo pia utasikia milio kama ya bunduki vilimani. Ni ya kufukuza kwezi wasimalize zabibu. Mara ya kwanza nilishtuka, kisha nikajikuta natabasamu, kwa sababu mimi na kaka tulikuwa tunaamia ndege kwenye mtama wa baba kwa kombeo na debe bovu. Nilimsimulia mzee wangu. Yeye alitaka kujua kuhusu zabibu, na nilipomwambia Dodoma tunavuna mara mbili kwa mwaka alinyamaza, kisha akauliza: sasa mzabibu wenu unalala lini? Nikamweleza kwamba kwetu hakuna theluji ya kuulaza. Unaamshwa na mkasi, mkulima akipogoa ndipo unapoanza kuchipua. Aliniomba nimrudie maelezo hayo mara tatu.

Kila Jumapili ya mwisho ya Agosti wanaifunga Barabara ya Mvinyo kwa magari, kilomita zote 85, na watu wanamiminika kwa baiskeli na kwa miguu, muziki kila kijiji. Nimekwenda mara mbili. Ni sherehe nzuri, lakini sherehe ya siku moja haimsaidii mtu mwenye kreti mbili kwenye keria siku ya Jumanne.

Sasa nije nyumbani. Kati ya Mpunguzi na Bihawana, ambako misheni ilipanda mizabibu tangu zamani, kuna vijia ninavyovijua kwa miguu. Vinapita chini ya vilima vya mawe, vinakata makorongo makavu, vinapenya kati ya mashamba. Nilipokuja likizo mara ya mwisho nilikuta vitatu vimekwisha. Eneo limepimwa, viwanja vimeuzwa, na kijia kinafika kwenye ukuta wa tofali na kufia hapo. Aliyejenga hana kosa. Kwenye ramani yake hapakuwa na kijia.

Ombi langu kwa wapima ardhi na maofisa mipango miji wa Dodoma ni kwamba mnapochora viwanja kwenye maeneo ya zabibu, iwe Mpunguzi, Hombolo au Veyula, chukueni kwanza wazee wa eneo hilo, watembee nanyi wawaonyeshe njia zinazopitika, nazo ziingizwe kwenye ramani kabla ya kiwanja cha kwanza. Mita tatu zinatosha. Zishindiliwe changarawe, zisiwekwe lami, kwa sababu lami itaita Fuso. Na ziwe zinatokea upande wa pili. Njia isiyotokea haimsaidii mtu.

Najua nitaulizwa kuhusu bodaboda, kwamba wataingia tu. Ndiyo, wengine wataingia. Hata huku gari hujipenyeza mara mojamoja. Lakini bodaboda mmoja kwenye changarawe, anayelazimika kupunguza mwendo kwa sababu ya korongo, si basi la mikoani. Wakulima wenyewe na serikali ya mtaa wakiona njia ni yao, wataelewana naye. Watalii wakija kunyonga baiskeli kati ya mizabibu yetu na kununua mvinyo, heri. Mimi namfikiria kwanza muuza zabibu wa beseni na mtoto anayekwenda shule.

Mzee wangu alifariki Januari. Kitambaa chake ninacho, nimekiweka ndani ya Biblia. Nakuja nyumbani kwa mavuno ya Agosti, na kaka, ambaye mtulinga wake ulipona ukiwa umepinda kidogo, ameshaipaka mafuta ile Phoenix. Tunataka tutoke Mpunguzi hadi Bihawana bila kukanyaga lami, na tutaandika kila mahali tutakapokuta ukuta. Kama kuna mpima ardhi au diwani anayesoma barua hii, aje na baiskeli yake. Tutaondoka saa 12 alfajiri, kabla jua halijawa kali.

Mwana wa Mpunguzi,
Landau, Ujerumani