Riali ni zile zile, Kaka

Muscat, Januari 2025

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, alhamdulillah, na salamu za Mama zimenifikia. Ujumbe wako wa sauti nimeusikia. Unauliza mbona pesa ya Desemba imepungua, na Wifi anadhani nimeanza kubana mkono. Limeniuma kidogo, kwa hiyo naona bora nikuandikie kirefu.

Nilituma riali 100, kama Oktoba. Mshahara wangu huku ni wa riali, na riali ya Oman imefungwa kwenye dola: tangu 1986 riali moja ni dola 2.6008. Nchi hii inauza mafuta kwa dola, na Benki Kuu yao ina akiba ya kulinda bei hiyo. Nikienda duka la kubadilisha fedha pale Ruwi, mtaa wa hapa Muscat, upande wa riali na dola hautikisiki hata siku moja. Unaotikisika ni upande wa kwetu, wa shilingi ya Tanzania. Oktoba dola ilipita shilingi 2,700. Riali 100 ni dola 260, kwa hiyo ulipata kama shilingi 702,000. Desemba dola ikashuka hadi karibu 2,400, na dola zile zile 260 zikawa kama 624,000. Hiyo 78,000 iliyopungua sikuila mimi. Wala duka halikuiiba; wanachukua faida yao kidogo kati ya bei ya kununua na ya kuuza, lakini hiyo ilikuwapo tangu zamani.

Basi shilingi imepata wapi nguvu? Yenyewe haijafungwa popote. Bei yake inatokana na wenye dola kukutana na wanaozitafuta, na miezi ile wenye dola walikuwa wengi. Minada ya korosho ilianza Oktoba huko Mtwara na Lindi, na mnunuzi wa nje hawezi kumlipa mkulima kwa dola, lazima azigeuze shilingi kwanza. Watalii nao walikuwa wamejaa Zanzibar na mbugani. Kisha kuna dhahabu, ambayo sasa Benki Kuu yetu inainunua humu humu nchini kwa shilingi na kuiweka kwenye akiba. Utalii na dhahabu, kila kimoja kinaingiza zaidi ya dola bilioni 3 kwa mwaka. Unakumbuka 2023, wafanyabiashara wa Kariakoo walivyohangaika benki kwa benki kutafuta dola? Mafuta na mbolea vilikuwa vimepanda bei baada ya vita vya Ukraine, na Marekani ilikuwa imepandisha riba, kwa hiyo dola zikakimbilia huko. Wanaozitaka walikuwa wengi kuliko wenye nazo.

Hesabu ya yote yanayoingia na kutoka ndiyo wanayoiita urari wa malipo. Ndani yake kuna korosho, dhahabu na mgeni aliyelala hotelini Nungwi, na upande wa pesa inayotoka kuna dizeli, ngano, mitambo na riba ya madeni. Pesa ninayokutumia imo humo pia, Kaka. Haionekani kubwa, lakini ni dola iliyoingia nchini bila kuuza kitu wala kukopa, na hakuna atakayekuja kuidai. Ndiyo maana nakataa kumpa mtu noti abebe mkononi, hata kama inaokoa makato. Nikipitisha benki, dola inabaki kwenye mzunguko wa nchi na mwenye duka la dawa anaweza kuinunua aagizie dawa.

Tanzania bado inanunua nje kuliko inavyouza. Pengo hilo linazibwa na mikopo na wawekezaji, vinginevyo akiba inaliwa. Akiba kwa sasa ni zaidi ya dola bilioni 5, inatosha kuagiza vitu vya zaidi ya miezi minne. Baba aliishi wakati ambapo haikuwapo. Miaka ya themanini mkonge wetu wa Tanga ulikuwa umeanguka, vita vya Kagera vimemaliza hazina, na serikali ikaendelea kusema dola ni kama shilingi 17 huku mtaani ikiuzwa mara kadhaa ya hapo. Matokeo yake ni zile foleni za sabuni na sukari ambazo Mama hapendi kuzizungumzia. Mwaka 1986, chini ya Mzee Mwinyi, dola ikapandishwa hadi shilingi 40. Mwaka huo huo bei ya mafuta ilianguka, na Oman nayo ikaishusha riali yake kutoka dola 2.895. Wao wakashusha mara moja, wakaifunga tena, na haijasogea tangu hapo. Sisi tulikuwa tumechelewa mno, na gharama ya kuchelewa waliilipa watu kama Mama.

Sasa lile ulilosema, kwamba nizuie pesa mpaka dola ipande. Naamini itapanda, maana korosho zikiisha na watalii wakipungua, dola huadimika tena hadi katikati ya mwaka. Lakini ada ya mtoto inadaiwa kwa shilingi na inadaiwa sasa. Siwezi kumweka mtoto nyumbani kwa kubahatisha bei. Mwezi huu nitatuma riali 112 na nusu. Kwa bei ile ya Desemba inafika laki saba, na dola ikiwa imepanda mtapata zaidi.

Mabati ndiyo yangoje kidogo. Koili za chuma zinaagizwa nje kwa dola, na waliolipia mzigo Desemba wamelipa shilingi chache. Mzigo huo utakuwa madukani Februari au Machi. Ukiambiwa bei ni ile ile, muulize mwenye duka ameagiza lini, na uangalie bei ya dizeli ambayo EWURA, wadhibiti wa bei ya mafuta, hutangaza kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Ikiwa imeshuka, nauli ya lori nayo ipunguzwe. Nipigie kabla hujalipa.

Msomee Wifi barua hii, na Mama umwambie dawa zake za presha nimezihesabia kando.

Mdogo wako