Si ushuru, ni ardhi mpya iliyoipeleka Marekani vitani

Ndugu Mhariri,

Nimesoma barua ya msomaji wenu wa Njombe anayedai kwamba vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani ilikuwa ya ushuru wa forodha, na kwamba habari za watumwa zilichomekwa baadaye ili watu wa Kaskazini waonekane wema. Vijana wa hapa kwangu Uyole wameipokea kama Injili, ndiyo maana nimeshika kalamu. Mimi si mwalimu wa historia. Nilikuwa mpima ardhi hadi nilipostaafu, nimezunguka Mbarali, Chunya na Rungwe nikizika bikoni, yaani alama za mipaka, na ugomvi huu nimeufuatilia kwa upande huo wa mipaka.

Huo ushuru tuumalize mapema. Sheria iliyokuwa ikitumika tangu 1857 ilikuwa na viwango vya chini, na wabunge wa Kusini wenyewe waliiunga mkono. Iliyopandisha viwango ilisainiwa Machi 2, 1861. Siku hiyo majimbo saba ya Kusini, yenye utumwa, yalikuwa yamekwisha kujitoa Marekani, South Carolina ikiwa imetangulia Desemba 20, 1860. Maseneta wao wangebaki kwenye viti vyao, huenda sheria hiyo isingepita kabisa.

Sasa ardhi. Mwaka 1803 Marekani ililinunua eneo kubwa la magharibi lililoitwa Louisiana kwa Wafaransa kwa dola milioni 15, nchi ikakaribia kuwa kubwa maradufu. (Wenyeji waliokuwa wakiishi humo hakuna aliyewauliza, na hilo lina barua yake.) Swali likawa: mlowezi anayehamia magharibi aende na watumwa wake au awaache? Kila jimbo jipya lilipata maseneta wawili, liwe na watu wengi au wachache. Mwaka 1819 majimbo yenye utumwa yalikuwa 11 na yasiyo nao 11, Missouri nayo inabisha hodi ikiwa na watumwa. Tena kwa viti vya Baraza la Wawakilishi, katiba iliwahesabu watumwa watano kuwa watu watatu. Yaani mtumwa hana kura, lakini anamwongezea bwana wake viti bungeni!

Mwaka 1820 wakasuluhishana: Missouri iingie na watumwa, Maine iingie bila watumwa, na kwenye ardhi iliyobaki ya Louisiana upigwe mstari wa latitudo ya digrii 36 na dakika 30. Kaskazini ya mstari huo, ukiacha Missouri yenyewe, utumwa marufuku.

Mstari ulidumu zaidi ya miaka 30. Lakini vita ya 1846 hadi 1848 iliwanyang'anya Wameksiko California na maeneo mengine ambayo mstari ule haukuyagusa, ugomvi ukaanza upya. Mwaka 1850 California iliingia bila utumwa, na Kusini wakafidiwa kwa sheria kali ya kuwarudisha watumwa waliotoroka. Kamishna wa kesi hizo alilipwa dola 10 akimrudisha mtu utumwani, dola 5 akimwachia.

Halafu 1854. Nimewahi kufika shambani asubuhi nikakuta bikoni niliyoizika jana imeng'olewa na kutupwa mtoni. Aliyeng'oa alisubiri usiku. Seneta Stephen Douglas wa Illinois, aliyetaka reli itoke Chicago kwenda magharibi, aliung'oa mstari wa 1820 mchana kweupe, bungeni, kwa kura: Kansas na Nebraska, zilizokuwa kaskazini ya mstari huo, wakazi wenyewe waamue kama wanataka utumwa. Ukisikia hivyo unaona haki tupu. Kumbe mkazi ni nani? Machi 30, 1855, Kansas ilipochagua bunge lake, waliokuwa wameandikwa kuwa na haki ya kupiga kura walikuwa 2,905. Kura zilizopigwa zilizidi 6,000. Wanaume wa Missouri walivuka mpaka na silaha zao, wakapiga kura, wakarudi makwao. Mei 1856 watetezi wa utumwa waliuvamia Lawrence, mji wa Kansas wa wapinga utumwa, na siku tatu baadaye mpinga utumwa John Brown na wenzake wakawatoa watu watano majumbani usiku na kuwaua kwa mapanga. Risasi za ngome ya Fort Sumter, zilizoanzisha vita yenyewe, zilikuwa bado miaka mitano mbele.

Kwa jambo moja namuunga mkono ndugu yangu wa Njombe: watu wa Kaskazini hawakuwa malaika. Walowezi wengi wa Kansas waliopinga utumwa walipiga kura mwaka huo huo wa 1855 kuwazuia hata watu weusi huru wasiishi humo. Walitaka ardhi isiyo na mtumwa wa kushindana naye kwa kazi, na pia isiyo na jirani mweusi. Lakini hilo nalo ni ardhi, si ushuru.

Aisome katiba ambayo majimbo yaliyojitoa yalijiandikia Machi 1861. Ushuru umo, sikatai. Walipiga marufuku ushuru wa kulinda viwanda. Ila kuna kifungu kingine kinachosema kwamba wakipata eneo lolote jipya, utumwa utatambuliwa na kulindwa humo. Kama tatizo lao lilikuwa ushuru tu, kifungu hicho walikiandika kwa ajili gani?

Mpima ardhi mstaafu,
Uyole, Mbeya.