Jina lako kwa alama nne

Athens, 14 Oktoba

Mpendwa Mariamu,

Habari za siku nyingi? Sisi huku tu wazima, ila baridi imeshaanza kubisha hodi. Nifikishie shikamoo kwa mama.

Juzi nimerudi kutoka kisiwa cha Krete. Nilipanda meli jioni pale Piraeus, na kulipokucha nikaona milima imesimama juu ya bahari kama ukuta. Nchi hii ukiitazama toka melini ndipo unaielewa. Milima kila upande, mashamba ni vipande vya bonde tu, kwa hiyo miji ya zamani ya hapa kila mmoja ulikuwa kivyake: Mycenae ilikuwa na jumba lake na bwana wake, Pylos vivyo hivyo, Thebes vivyo hivyo. Kuvuka mlima ni taabu, kupanda chombo ni rahisi. Barabara yao ilikuwa maji.

Knossos yenyewe, lile gofu la jumba la kale huko Krete, nisikufiche, ilinichosha. Mwingereza Arthur Evans alianza kuichimba mwaka 1900, kisha akajengea upya sehemu nyingi kwa saruji na kupaka nguzo rangi nyekundu, mpaka hujui unatazama kazi ya miaka zaidi ya 3,000 iliyopita au ya fundi wa juzi.

Lakini ngoja nikupeleke makumbusho ya mjini Iraklio, maana huko ndiko nilikokukumbuka. Kwenye kabati la kioo kuna vibao vya udongo, vingine vyembamba kama jani, vimechorwa alama ndogondogo. Havikuchomwa kwa makusudi. Makarani waliandika hesabu za mwaka huo tu: kondoo, sufu, mafuta, magurudumu. Moto uliounguza majumba ndio uliovioka vikadumu. Na vingine, bibi wee, vina alama za viganja vya waliovifinyanga!

Sasa sikia, mwalimu wa darasa la kwanza. Mwandiko huo, Lineari B, hauandiki herufi mojamoja. Unaandika silabi: ka, ke, ki, ko, ku. Ni ile chati yako ya ukutani! Walioutunga waliuchukua kwenye mwandiko wa zamani zaidi wa Krete, ambao lugha yake mpaka leo haijasomeka, wakaulazimisha uandike Kigiriki. Haukukikaa vizuri. Kigiriki kimejaa konsonanti zinazogandamana na maneno yanayoishia na s, basi karani akibanwa anafanya tunavyofanya sisi tulipogeuza "klabu" kuwa "kilabu": anachomeka irabu katikati. Dhahabu, "khrusos", ikawa ku-ru-so, ile s ya mwisho wakaitupa. Knossos ni ko-no-so. Pylos ni pu-ro, kwa sababu r na l zina alama moja. Wale watoto wako wanaoandika "karamu" wakitaka kalamu wangefaulu vizuri sana kwenye jumba la Pylos.

Nikaona pia sa-sa-ma, ndiyo ufuta, na e-re-pa, pembe ya ndovu. Ndovu hakuwapo Krete, ililetwa kwa jahazi.

Aliyeufumbua ni Michael Ventris, na wala hakuwa profesa, alikuwa msanifu majengo. Alimsikia Evans akiieleza habari ya vibao hivyo mwaka 1936, akiwa na miaka 14, na haikumtoka kichwani. Mwaka 1952 alijaribu kuweka majina ya miji ya Krete mahali pa alama fulani, na maneno mengine yakaanza kusomeka, tena kwa Kigiriki, jambo ambalo Evans alilikataa mpaka alipofariki 1941. Mimi nampa heshima zaidi Alice Kober, Mmarekani aliyekuwa ameonyesha kwamba maneno yale yanabadilika mwishoni kama sarufi inavyotaka. Alifariki 1950, miaka miwili kabla ya kufumbuliwa. Hilo liliniuma.

Nimekuwekea karatasi humu ndani. Zile alama nne ni jina lako: ma-ri-a-mu. Limeingia zima bila kukatwa kitu, limeyashinda maneno ya Wagiriki wenyewe. Langu ni mbili tu, tu-nu. Halima wako wa mwisho ndiye ataonewa, wangemwandika A-ri-ma. Waonyeshe watoto darasani uniandikie wamesemaje, na mtu akija huku usinisahau kwa ile pilipili manga.

Wako,
Tunu