Salamu za shukrani kutoka kwa familia ya Mzee wa Kahawa, Ngamiani, Tanga

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Sisi mjane, watoto na wajukuu wa marehemu baba yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mzee wa Kahawa, tunawashukuru nyote mliotushika mkono tangu alipougua, tukamsitiri, mpaka tulipoondoa tanga. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Mlikuja wengi mno, hatuwezi kumfikia kila mmoja kwake. Tunaomba mzipokee salamu hizi kama vile tumebisha hodi mlangoni kwenu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Hospitali ya Bombo kwa kumhudumia usiku na mchana, na kwa kuitikia utani wake hata sauti ilipokuwa imeshafifia. Masheikh na walimu wa madrasa mliosimamia josho na sala ya jeneza, na vijana mliochimba kaburi jua likiwa utosini, Mwenyezi Mungu awalipe. Vijana wa bodaboda mliwachukua wageni wetu stendi mkawafikisha msibani bila kupokea hata shilingi.

Kina mama wa mtaani, ninyi mlifika na kuni na masufuria kabla hata sisi hatujajua tutapika nini. Mlipeta mchele, mkakuna nazi, mkaosha vyombo hadi usiku mkubwa, na mama yetu hakuguswa na kazi yoyote. Wapo miongoni mwenu waliokuwa na wagonjwa wao majumbani, na bado walikuja. Jambo hilo hatutalisahau.

Ndugu zetu wa Pangani, Muheza, Korogwe na Dar es Salaam, mliovuka Horohoro mkitokea Mombasa, mliopanda chombo kutoka Pemba, na jamaa wa Muscat mliomsomea hitma huko huko na kutuletea ubani: ahsanteni sana.

Baba alikaanga buni zake kabla ya adhana ya Alfajiri, mama akazitwanga, na baada ya sala akatoka na dele lake na kashata zilizopikwa na mama. Mlisikia vikombe vikigongana kabla hamjamwona. Hayo tunayajua, tumekulia humo. Yapo tuliyoyajua kwenu, mkeka wa msiba ukiwa umeshatandikwa. Mzee mmoja alitueleza kwamba kazi ilipokatika bandarini, baba alimpitia kila asubuhi na kikombe na kashata, wala hakumuuliza habari ya hela. Mama mwingine alisema alipokuwa akiuguza mwanawe Bombo, baba alikuwa akiwapelekea kahawa watu waliolala nje kusubiri wagonjwa wao. Nyumbani hakuyataja kamwe. Tulidhani siku hizo biashara ilikuwa mbaya! Tunawashukuru kwa kutusimulia, maana mmetuongezea baba wakati tunampoteza.

Na furaha yake nani asiyeijua? Mwaka 1988 Coastal Union ilipotwaa ubingwa wa nchi, aligawa kahawa bure kutwa nzima. Lakini barazani kwake mashabiki wa African Sports nao walikuwa na nafasi yao, na sheria aliiweka mwenyewe: siku ya mechi, walewale waliofungwa ndio wanaokunywa bure. Alisema mshindi ana furaha yake tayari. Tuliwaona pande zote mbili mkipokezana jeneza, na tunajua angefurahi. Watu waliokuwa hawasemezani aliwakalisha benchi moja, akawamiminia kutoka dele moja, akaanza kisa cha kuchekesha na kukikatisha katikati ili wabaki kukingoja mwisho wake. Wengine wamepatana hivyo hivyo.

Kuna jambo la haki za watu. Baba ameacha daftari la kahawa ya mkopo. Warithi tumekaa na tumekubaliana kwamba wote mliomo humo mmesamehewa, msilete chochote. Lakini kama kuna anayemdai baba, awe muuza buni, karanga, sukari au mkaa, tafadhali afike nyumbani amwone kaka yetu mkubwa. Asione haya kwa kuwa ni msiba. Deni la marehemu limo shingoni mwetu na tunataka kulilipa mapema. Na yeyote ambaye baba alimkwaza kwa neno au kwa utani uliozidi, tunamwombea radhi kwake.

Mama yuko eda, miezi minne na siku kumi. Kina mama karibuni mkae naye, hasa jioni, saa ambazo alizoea kumsubiri mumewe arudi. Kina baba mtuachie salamu barazani, tutamfikishia. Hitma ya arobaini itasomwa nyumbani baada ya sala ya Alasiri, na siku yenyewe itatangazwa msikitini. Kahawa ataipika mjukuu wake mkubwa, aliyefundishwa na babu mwenyewe kupima tangawizi, na hakuna atakayelipa.

Mwenyezi Mungu amsamehe baba yetu makosa yake, ampe kauli thabiti, alipanue kaburi lake na amjaalie Pepo ya Firdausi. Nanyi awalipe kheri, na awaondolee dhiki kama mlivyotuondolea sisi. Amin.

Kwa niaba ya familia,
Watoto wa marehemu,
Ngamiani, Tanga.